Kapteni Amekuja Kukuchukua

Mumo,

Sikuulizi hali. Nilikuona Jumatano kwa macho yangu, kichwa umenyoa, buti mpya miguuni, shingo imesimama kama ya jogoo aliyetoka kununuliwa sokoni. Hali yako naijua. Yangu pia unaijua: nina hasira, na sioni sababu ya kuifunika kwa salamu.

Leo ni Ijumaa. Madam na watu wake wamekwenda kula kwa mama yake, nyumba yote hii ya Al Warqa, hapa Dubai, imebaki mimi na mashine ya kufulia. Naandika juu ya meza ya kupigia pasi. Kesho alfajiri unaondoka na baba yako kwenda vitani, na mnapaita kazini.

Sitakwambia ule vizuri wala uvae vizuri. Hayo nyanya yako alishakufundisha. Sitakunukulia Biblia pia, maana baba yako anayo na anaisoma kwa sauti nzuri kuliko pasta. Nataka tu kumaliza maneno ambayo hukuniacha niyamalize. Pale mkahawani ulinitazama ukasema, "Mwaitu, khalas, yatosha. Watu wanatuangalia." Mwaitu, jina hilo la mama kwa lugha yetu, umeniita tangu ulipoanza kusema. Sikujua kwamba linaweza kutumika kumfunga mtu mdomo.

Basi hapa hakuna anayetuangalia. Soma.

Nianze na baba yako alivyokuwa, usije ukasema mama ana chuki na hajui alichokipenda. Alikuwa koplo. Ukapteni alipewa baadaye na watu wasio na haki ya kutoa vyeo. Nilipomjua alikuwa mwembamba, mpole, anapiga buti zake rangi mpaka unajiona ndani yake. Siku moja kambini afisa mmoja alimbebesha kuruta mgonjwa gunia la mchanga, akamkimbiza juani mpaka akaanguka, kisha akammwagia maji usoni na kucheka. Baba yako alitoka kwenye mstari bila kuitwa. Akamwondolea kijana lile gunia, akaliweka chini taratibu, akamgeukia afisa na kumpiga ngumi ya mdomo. Walimfungia, kisha wakamfukuza jeshini.

Alikuja kwetu kwa miguu, begi moja begani, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe na dada yangu Ndinda, mama mkubwa wako. Hakuketi. Alisema, "Nimefukuzwa kazi. Ukitaka kurudisha neno lako la kuolewa na mimi, lirudishe leo." Ndinda akanikanyaga mguu chini ya meza ili nilirudishe. Sikulirudisha. Ningekuwa na binti, mpaka leo ningemwambia atafute mwanamume kama yule aliyesimama pale mlangoni siku ile.

Kwa hiyo usinieleze juu ya ushujaa wa baba yako. Niliuona kabla yako, ukiwa bado haujauzwa.

Ukazaliwa. Yeye akawa bawabu wa usiku kwenye kituo cha petroli, rungu mkononi, sweta la kampuni limemzidi mabega. Yule aliyezoea buti zinazong'aa sasa alikuwa akifungulia watu lango huku wanampigia honi. Hakunung'unika, lakini aliacha kuimba. Kisha rafiki yake mmoja wa jeshini akamtafutia kazi ya ulinzi ng'ambo, kwenye kambi ya wageni, katika nchi yenye vita. Jina la nchi hiyo siliandiki hapa, kwa sababu karatasi hii itapita barabarani.

Huko alianza kama wengine, kusimama langoni na kutazama chini ya magari. Mkuu wao alikuwa Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu. Siku moja walikuwa wakisindikiza malori, bomu la barabarani likaliinua gari la yule Mzungu, akafa papo hapo. Risasi zikaanza kutoka kwenye nyumba za upande mmoja. Walinzi walikuwa vijana wa kwetu na wa Uganda, wengi wao hawajawahi kusikia risasi inayowatafuta wao. Wengine walitupa bunduki. Baba yako akawavuta mmoja mmoja nyuma ya ukuta, akawaketisha, akamwambia kila mtu ataje jina lake na jina la mama yake. Wakataja. Akawarudisha mwanzo wakataja tena, mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kisha akawapitisha kwenye mfereji wa shamba la nyanya, tope kiunoni, majeruhi mmoja mgongoni mwake. Wote waliokuwa nyuma ya ule ukuta walitoka hai.

Toka siku hiyo wakamwita Kapteni.

Hadithi hii unaijua. Vijana wa mtaa wa Karama unaolala nao chumba kimoja wanaijua, na najua wewe ndiye uliyewasimulia. Ni ya kweli yote. Kasoro yake ni moja tu, kila anayeisimulia huishia pale kwenye mfereji. Mimi nitaendelea.

Aliporudi nyumbani likizo hakuwa mtu tena, alikuwa habari. Wanaume waliompigia honi kituoni walikuja kumwamkia. Kanisani alipewa kiti cha mbele. Baada ya mwaka mmoja hivi aliwaacha wale waliomwajiri akaondoka na walinzi wao karibu wote, kwa sababu walimpenda yeye, hawakuipenda kampuni. Akaanzisha kikosi chake. Huko kulikuwa na matajiri wenye barabara, visima na maghala, na kila tajiri alihitaji watu wenye bunduki wasio na ndugu upande wowote. Baba yako aliwakodisha watu wake kwa huyu, kisha kwa yule. Alikuja nyumbani kutafuta vijana zaidi, na sebule yangu ikawa ofisi yake.

Hapo ndipo mimi naingia, na sitajificha. Nilipika. Masufuria ya mahindi ya muthokoi, chapati, kuku, kwa kila kijana aliyekuja kutazamwa kifua na mabega. Mama zao waliniita kando, jikoni, wakiuliza kwa sauti ya chini, "Mama Mumo, hii kazi ni nzuri?" Hawakumuuliza Kapteni, waliniuliza mimi, maana mwanamke hawezi kumdanganya mwenzake kuhusu mtoto. Nami nikasema, "Ni nzuri." Sikudanganya. Sikujua. Lakini sikusema sijui, na sasa naona kwamba kati ya makosa mawili hayo, langu lilikuwa baya zaidi. Niliipenda ile heshima. Nilipenda kuitwa jikoni.

Ndinda alikataa mwanawe Kilonzo asiende. Kilonzo unamkumbuka wewe, kaka yako, aliyekutengenezea kigari cha mbao kwa mkono wake wa kushoto. Alikuwa anajifunza useremala. Hakuwa mtu wa vita hata kidogo, akiona nyoka alikuwa akimwita mama yake. Lakini wenzake walikuwa wanaondoka, na kijana hawezi kubaki peke yake kijijini akipiga randa. Ndinda alisema hapana, na hapana yake ilikuwa jiwe. Baba yako akaniambia, "Nenda wewe. Wewe atakusikia."

Nikaenda. Nilimwambia dada yangu, "Mtoto atakuwa chini ya baba yake mdogo. Ni kama yuko nyumbani." Nilisema atawekwa jikoni, maana ndivyo nilivyoambiwa. Dada yangu akasema, "Kwa kuwa ni wewe."

Mumo, maneno manne hayo nimelala nayo miaka yote hii.

Kilonzo hakuwekwa jikoni. Kikosi kilikuwa kimekodishwa na tajiri mmoja mwenye malori ya mafuta, nacho kilimlindia barabara inayopita kati ya vilima. Juu ya kilima kimoja palikuwa na kituo cha kuchungulia, watu sita, redio na mapipa ya maji. Kilonzo alikuwa mmoja wa wale sita. Adui wa yule tajiri naye aliitaka barabara. Hakuja kupigana, alikuja kumwona baba yako. Waliketi, wakanywa chai, na kabla jua halijazama kikosi cha Kapteni kilikuwa kimehamia upande wa pili. Unaelewa ninachosema? Hawakushindwa. Walihama, kama mtu anavyohama chumba.

Tatizo lilikuwa kuondoka. Watu wengi walikuwa bondeni, wamezungukwa na watu wa tajiri wa kwanza, na ilibidi watoke kimya kimya. Wale sita wa kilimani wangeambiwa kwa redio, na redio ile ilisikilizwa na tajiri pia. Kuwaambia kungeamsha kila mtu. Basi Kapteni hakuwaambia. Akatoa watu wake bondeni salama wote, kama alivyofanya siku ya mfereji, na kilima akakiacha.

Asubuhi watu wa yule mwajiri mpya walipanda kuchukua kituo. Wale sita waliwaona wanapanda pamoja na gari moja wanalolijua, gari lao wenyewe. Wakafurahi. Walidhani ni wenzao wanakuja kuwapokea zamu. Kilonzo alishuka kuwalaki na dumu la maji. Hawakuulizwa wako upande gani. Nani angewauliza? Wao walikuwa bado upande wa jana.

Aliyepona ni mmoja, Barasa wa Bungoma, kwa kuwa alikuwa amekwenda haja nyuma ya majabali. Alitembea mpaka akaokotwa na wachungaji. Leo ni mlinzi wa jengo hapahapa Dubai. Tulikutana kanisani, Ijumaa, miezi michache baada ya mimi kufika. Alisikia watu wakiniita Mama Mumo, akauliza Mumo yupi, kisha akaketi chini sakafuni mbele ya watu wote na kunieleza nilichokwisha kukieleza hapa. Wewe unasema ni mtoro, kwa sababu ndivyo Kapteni alivyokwambia. Mtoro ni mtu anayeacha kituo chake. Barasa alikuwa kituoni. Kituo ndicho kilichomwacha yeye.

Nyumbani tulikuwa tumeambiwa kwamba waliviziwa wakafa kishujaa. Kaburi hakuna, maana mwili haukuja. Baba yako alimpelekea Ndinda mabati ya kuezekea nyumba, mazuri, ya rangi. Ndinda hakuyaezeka hata moja, na hapo alikuwa bado hajajua ukweli. Aliyapanga uani, mbuzi wakawa wanayapanda na kuyapigia kelele kwa kwato. Alipoulizwa na majirani alisema, "Nasubiri fundi." Fundi wake alikuwa Kilonzo.

Mimi ndiye niliyempigia simu kumweleza aliyonieleza Barasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akakata simu, na hatukuongea tena kwa miaka.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwenye simu kwa nini nilimwacha baba, kwa nini niko Arabuni naosha watoto wa watu na wewe uko kwa nyanya. Nilimwacha kwa sababu baada ya mabati yale nilimuuliza baba yako Kilonzo alikufaje, naye akanijibu kwa maneno mazuri mno. Nilimjua. Hakuwa mtu wa maneno mazuri. Nikajua kuna kitu, nikaondoka kabla sijakijua. Lakini kwako nilisema, "Ni mambo ya watu wazima." Hilo ndilo ninalojilaumu zaidi ya yote. Nilidhani kunyamaza ni kumtunzia mtoto heshima ya baba yake. Kumbe niliacha ukuta mtupu, na yeye akautundikia picha zake, akiwa na miwani ya jua, akiwa juu ya gari, akiwa katikati ya watu wanaomchekea kwa mapenzi. Ukakua ukizitazama. Ulipokuja Dubai kufungua milango ya hoteli Al Barsha, ulikuwa umeshamaliza kuamua wewe ni mtoto wa nani.

Mwezi uliopita ulinitumia kwenye simu ile habari ya askari wa farasi wa Ulaya ya kale, mavazi ya chuma mwili mzima, aliyeanza bila kitu akaja kuongoza jeshi la kukodi. Ukaandika, "Mwaitu, huyu si kama Baba?" Nilisoma yote, usifikiri sikusoma. Nilisoma kwamba alipigania mji huu, kisha mji unaoupiga vita mji huu, kisha akarudi, na mwishoni mji mmoja ukamchora ukutani kanisani akiwa juu ya farasi wake. Ndiyo, Mumo. Ni kama Baba. Nilitafuta mahali palipoandikwa majina ya walioachwa vilimani, sikupaona. Wachoraji hawakuwachora.

Sasa Jumatano. Nilimwomba Madam ruhusa nikasema mwanangu anasafiri. Nikaja Karama mpaka mkahawa ule mliokuwa mmekaa, wewe na yeye, na vijana wakipita kumwamkia kama anayegawa mvua. Alisimama nilipoingia. Amezeeka vizuri, nakubali. Alinivutia kiti, akaagiza chai ya karak na chapati, akakumbuka kwamba situmii sukari nyingi. Hivyo ndivyo anavyofanya. Hakuna mtu duniani anayekumbuka mambo madogo ya watu kama Kapteni.

Nilimwambia, "Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

"Mtoto wetu," akasema. "Tena si mtoto."

"Atafanya kazi gani?"

"Atakuwa kando yangu. Redio na makaratasi. Bunduki hatashika."

"Kilonzo naye ulisema atakuwa jikoni."

Uliinamisha kichwa kwenye kikombe chako. Yeye hakuinamisha. Alisema, "Kilonzo alikuwa kijana mzuri. Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ile bado inakula watu," nikasema. "Ulimuuza."

"Sikumuuza. Nilikuwa na watu wengi bondeni. Ukiwa na watu wengi nyuma yako, unachagua. Wewe hujawahi kuongoza watu, Mama Mumo. Anayelaumu siku zote ni yule ambaye hajawahi kuchagua."

"Kwa nini uliwahamishia upande wa pili? Nani aliyekwambia uhame? Bonde lile uliliingiza wewe mwenyewe kwenye hatari, kisha ukajisifu kulitoa."

Hapo ndipo uliposema khalas. Nikaendelea hata hivyo, maana nilikuwa sijafika nilikokuwa nakwenda. Nilimuuliza, "Angekuwa Mumo yuko kilimani siku ile, ungempigia redio?"

Nataka ukumbuke vizuri kilichotokea, kwa sababu ulikuwepo na sijui kama ulikiona. Hakukasirika. Baba yako si mwongo wa hivihivi, ukimuuliza swali la kweli hulifikiria. Alilifikiria. Alimimina chai kutoka kwenye gilasi yake mpaka kwenye kisahani, akaitazama ikipoa. Kisha akasema, "Ingetegemea ni wangapi walioko bondeni."

Nawe ukaitikia kwa kichwa. Ungecheka, ningesema ni mtoto, anaona aibu. Ungekasirika, ningekukumbatia palepale mbele ya watu. Uliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi anayesikia jambo la busara. Mtu amekwambia mbele ya mama yako kwamba atakuacha ufe ikiwa hesabu itataka hivyo, nawe umeafiki.

Niliinuka nikaondoka. Sijui nilivyofika kituo cha treni. Ndani, mwanamke mmoja wa Kifilipino alinishika mkono akanipisha kiti.

Usifikiri nadharau kazi ya kuajiriwa. Mimi ni mwajiriwa, nimehama nyumba tatu katika mji huu, nimekuwa na kafeel, mwajiri anayeshika viza yangu, aliye mwema, na kafeel wa kunifungia mlango. Hakuna aibu kuhama anayekulipa. Lakini mimi nikiacha kazi, madam anabaki na vyombo vichafu. Baba yako akiacha kazi, watu wanabaki mlimani. Tofauti ni hiyo tu, na sijui niifanye iwe fupi zaidi namna gani ili uielewe.

Wala siogopi tu kwamba utakufa. Hilo naliogopa, mimi ni mama. Naogopa zaidi kwamba hutakufa. Kwamba utakuwa hodari, watu watakupenda, utakumbuka nani hatumii sukari, na siku moja utakaa mezani na mtu, mbele yenu chai, na kuna kijana wa mwenzako amekaa mahali anangoja zamu ibadilishwe. Yule koplo aliyeweka gunia chini taratibu alikuwa na moyo mzuri kuliko wako, Mumo. Nakwambia bila kukutukana. Na moyo ule haukumsaidia. Haukuvunjika siku moja, aliukodisha kidogo kidogo mpaka ukawa haujui tena kurudi kwa mwenyewe.

Barua hii atakuletea Barasa. Nimemwomba kwa makusudi. Hatakuhubiria, mtu yule haongei siku hizi. Mkaribishe akae, mpe maji, mtazame usoni unaposoma. Kisha useme tena kwamba ni mtoro.

Jana nilimpigia mama mkubwa wako. Sikujua kama atapokea. Alipokea. Nilimwambia Mumo anaondoka na baba yake. Nikasikia kuku wake. Akasema, "Sasa na wewe utajua." Akakata.

Niliweka simu juu ya kabati nikaendelea kukunja mashuka, maana alikuwa na haki. Baada ya muda simu ikaita. Ilikuwa yeye. Hakuomba msamaha, nami sikuutaka. Alisema, "Una mtu wa kukaa naye leo?" Nikamwambia sina. Akasema, "Basi tusikate." Tukakaa hivyo, yeye kwake anamenya viazi, mimi hapa nakunja mashuka, hatuongei, mpaka salio lake likaisha. Miaka yote ile, Mumo, na kilichonirudishia dada yangu ni habari ya kukupoteza wewe. Nina hasira na hilo pia.

Kuna jambo moja la mwisho, na kwetu unajua uzito wake. Mama akimkataza mtoto kwa neno lile la kwetu, akalitamka kwa mdomo wake, mtoto hathubutu kuvuka. Hata Kapteni hawezi kulivuka, aliwahi kuniambia ndilo jambo la pekee analoliogopa. Jumatano lilikuwa kwenye ulimi wangu. Ulipoitikia kwa kichwa lilifika kwenye meno. Ndiyo maana niliinuka haraka vile, hukujua. Sikulitamka kwa sababu ukipatwa na lolote huko, na mimi nimelitamka, sitajua kama ni vita vilivyokuua au ni mama yako. Nimeshamtoa mtoto mmoja kwa mdomo wangu. Huu mdomo hautatoa wa pili.

Kwa hiyo sikulaani. Lakini baraka pia sikupi, usiitafute katika karatasi hii, haimo. Na kesho sitakuja uwanja wa ndege. Kutakuwa na vijana wengine pale, wengine mama zao wako kwenye simu wanatazama kwa video, na wakiniona nimesimama kando ya Kapteni watasema, mke wake yupo, basi kazi ni nzuri. Nilishasimama kando yake hivyo, wakati wa masufuria yale. Sisimami tena.

Mlango wa nyuma wa nyumba hii, ule wa jikoni, nimemwambia Madam usifungwe kesho mpaka jua liwe juu. Aliuliza kwa nini, nikamwambia huenda mwanangu akapita. Akasema inshallah. Ukipita sitakuuliza neno. Usipopita, basi nenda. Lakini huko uendako usife kwa ajili ya barabara ya mtu, na usimwache mtu afe kwa ajili yako. Sijamaliza kukukasirikia. Rudi hai, tugombane.

Mama yako